Kumi la Kati: Kijana na Safari ya Kazi Yake

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri. Yamefupishwa kidogo, na baadhi ya maswali yaliyoulizwa yamewekwa mwisho.)



Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi wazazi wetu mlioacha shughuli za jikoni na za dukani mkaja kutusikiliza saa hizi ambapo koo zimekauka, Mwenyezi Mungu awalipe. Sitawachosha. Mada niliyopewa ni kijana na lengo lake la kazi, vipi alishike lisimponyoke. Walionialika waliniomba niseme maneno ya kutia moyo. Nawaambia mapema kuwa maneno ya kutia moyo hapa mjini yamejaa tele, yamebandikwa hata nyuma ya matatu na tuktuk. Lililo haba ni mtu kukaa chini akueleze kazi fulani yachukua miaka mingapi, ina milango mingapi, na ni mlango upi ambao vijana wengi wakifika hurudi nyuma. Hilo ndilo nitakalojaribu leo.

Tuanze na jambo ambalo sote tumeliona kwa macho yetu. Usiku wa kwanza wa Ramadhan msikiti hautoshi. Watu huswali nje kwenye mikeka, na viatu vyafika hadi barabarani. Ikifika siku ya kumi na mbili, kumi na tatu, safu zimepungua, mtu ana nafasi ya kukunjua miguu. Halafu likiingia kumi la mwisho, watu warudi tena kwa wingi. Sasa jiulize, kati ya hapo kulibadilika nini? Imamu ni yuleyule, rakaa ni zilezile, na joto la Mombasa ni lilelile. Lililobadilika ni kwamba upya wa mwezi umekwisha na Idi bado haijaonekana. Mwanzo una shangwe yake na mwisho una tamaa yake. Kumi la kati halina chochote isipokuwa wewe na nia yako.

Kazi nayo ina kumi lake la kati, na vijana wetu wengi hupotelea pale. Sisemi ni wavivu. Wengi wao ni hodari kweli, ila hakuna aliyewaambia kuwa sehemu ile ipo, kwa hivyo wakiifikia hudhani wamepotea njia.

Nitachukua kazi moja niieleze kwa urefu, maanake ukizungumza juu ya kazi zote utakuwa hukuzungumza juu ya yoyote. Nimechagua ubaharia. Sababu ni kwamba hapa pwani kila mtaa una kijana mwenye vyeti vya meli ndani ya bahasha ya plastiki, na kila mtaa una mzazi aliyeuza kitu ili vyeti hivyo vipatikane.

Kabla ya hapo niseme neno moja la historia, kwa kuwa kuna watu hufikiri kusomea ufundi ni mambo ya walioshindwa na shule. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, hiki tunachokiita TUM, mizizi yake ni MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Lengo lake lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Baadaye kikawa chuo cha taifa, kikaitwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Yaani wazee wetu miaka zaidi ya sabini iliyopita walikwisha kaa kikao, wakaona kuwa kijana wa pwani ahitaji kushika spana na dira. Sisi tungali twajadiliana kama jambo lenyewe ni la heshima ama la.

Haya, twende melini. Kazi ya meli za kimataifa haiongozwi na ajenti wala na binamu yako aliye Dubai. Yaongozwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 juu ya mafunzo na vyeti vya mabaharia, ule unaojulikana kwa herufi STCW, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena huko Manila mwaka 2010. Kwa hapa Kenya msimamizi wake ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, iliyopata sheria yake mwaka 2006, na makao yake makuu yako hapahapa Mombasa. Haya ni majina ya kuyajua kama unavyojua jina la mtaa wako.

Mlango wa kwanza ni kozi za msingi za usalama. Ni nne: namna ya kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi pamoja na wajibu wake melini. Juu yake huongezwa kozi ya ulinzi wa meli. Kozi hizi ni za siku chache chache. Hapa ndipo shangwe yote ilipo! Kijana apigwa picha amevaa jaketi la kuokolea maisha, aiweka WhatsApp, mama aoka mahamri, na mtaa mzima waanza kumwita "baharia". Wallahi mimi siichukii furaha hiyo. Lakini mtu afahamu kuwa ile ni siku ya kwanza ya mwezi. Vyeti vile vinne havikufanyi baharia. Vyakuruhusu tu kukanyaga meli bila kuwa hatari kwa wenzako.

Mlango wa pili ni mrefu na ni mwembamba. Mkataba wasema kuwa mtu akitaka kuwa afisa wa zamu upande wa sitaha, yule anayesimama kwenye chumba cha uongozaji, lazima awe na muda wa baharini. Akiwa ni kadeti ndani ya programu iliyoidhinishwa, mwenye daftari la mafunzo linalotiwa sahihi na maafisa wa meli, ni miezi isiyopungua 12. Kama hana programu hiyo, ni miezi 36. Upande wa injini nao una hesabu yake kama hiyo, sehemu ikiwa ni ya karakana na sehemu ya baharini. Muda huo haununuliwi wala haufupishwi kwa dua ya mama peke yake. Na ukishakuwa afisa wa zamu, kuufikia ukuu wa sitaha kwataka miezi 12 mingine ya kazi hiyo. Unahodha wa meli kubwa wataka miezi 36 ya uafisa, ama 24 ikiwa 12 kati yake ulikuwa afisa mkuu.

Jumlisha mwenyewe. Njia fupi kabisa ina miezi 36 juu ya maji, mbali na darasa, mbali na mitihani, mbali na miezi ya kukaa nyumbani kati ya mkataba mmoja na mwingine. Mtu aliyefika unahodha kwa miaka kumi, mimi naona amekwenda mbio.

Sasa kumi la kati la ubaharia liko wapi? Liko kati ya mlango wa kwanza na wa pili. Vyeti vya msingi vimo kabatini, na meli haijapatikana. Meli zenye bendera ya Kenya zinazokwenda masafa ya mbali karibu hazipo, kwa hivyo nafasi ya kadeti lazima itafutwe kwa makampuni ya nje, na kule wewe washindana na vijana wa Ufilipino na India ambao nchi zao zimekuwa zikipeleka mabaharia tangu zamani. Mwaka wa kwanza wapita. Mwaka wa pili wapita. Wale waliokuwa wakikuita baharia sasa wakuita hivyo kwa kejeli. Hapo ndipo maskani humchukua kijana, na muguka, na usingizi wa mchana. Hapo pia ndipo hujitokeza bwana mwenye viatu vya kung'aa akasema, nipe hela nikutoe.

Kwa hivyo swali la leo, ukilichambua vizuri, ni hili: mtu afanye nini katika miaka ambayo hakuna kinachoonekana kutendeka?

La kwanza nitalisema kwa ukali kidogo. Kabla hujaanza kuvumilia, hakikisha unavumilia jambo linalowezekana. Subira si upofu. Nitawapa mfano. Baharia wa sitaha lazima macho yake yatofautishe rangi, kwa sababu usiku meli hutambuana kwa taa nyekundu, kijani na nyeupe. Kuna watu wamezaliwa hawazitofautishi rangi hizo vizuri, na wengi wao hawajui, kwa kuwa hakuna aliyewapima. Kijana kama huyo aweza kulipiwa karo ya miaka, akasubiri, akaswali tahajjud, kisha siku ya vipimo daktari akamwandikia kuwa hafai sitaha. Kipimo cha rangi huchukua dakika chache tu. Mzazi, mpeleke mwanao kwa daktari anayetambuliwa kwa vipimo vya mabaharia kabla hujalipa karo hata shilingi moja. Akionekana hafai sitaha, kuna kazi nyingine melini na bandarini ambazo masharti yake si yaleyale, na atazijua akiwa na miaka 18, si 25. Kubadili njia kwa kujua ni akili. Kuacha njia kwa kuchoka ni jambo jingine kabisa, na kwa nje yote mawili huonekana sawasawa. Ndiyo maana watu huyachanganya.

La pili ni tarehe. Vyeti vya baharia vina uhai wake. Cheti cha afya ni cha miaka miwili kwa mtu mzima. Kozi za kujiokoa na za kuzima moto huhitaji uthibitisho mpya kila baada ya miaka mitano. Pasipoti nayo huisha. Naambiwa na wanaoajiri, na hili linauma, kwamba nafasi nyingi hupotea si kwa kukosa sifa bali kwa sababu simu imelia Jumanne, meli yaondoka Ijumaa, na cheti cha afya kilikwisha mwezi uliopita. Nunua daftari la shilingi hamsini. Andika kila cheti, tarehe kilipotolewa na tarehe kitakapokufa. Liangalie kila mwisho wa mwezi wa Kiislamu, mwezi unapoandama. Hiyo peke yake yakutosha kukutofautisha na wenzako wengi.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Usikae. Lakini usifanye kila kitu pia. Hapa nawaona vijana wa namna mbili. Mmoja asema mimi ni baharia, siwezi kubeba matofali, akakaa barazani akingoja meli kama mtu anayengoja matatu. Mwingine aanza boda boda, kisha kuuza simu, kisha kozi ya kompyuta, kisha kozi ya hoteli, na baada ya miaka mitatu ana vyeti tisa visivyojuana. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu ameshika tisa.

Katikati yao kuna njia. Chukua kibarua, lakini chagua kile kinachopakana na lengo lako. Anayetaka injini, aende akawe msaidizi kwa fundi wa mashine za boti pale Liwatoni au Bandari ya Kale, ajifunze kulehemu, ajue pampu na vali kwa mikono yake. Afanye mtihani wa ufundi wa NITA, aanze na gredi ya tatu, apande ya pili, kisha ya kwanza. Mtihani huo hukupa karatasi inayotambulika, na meli ikikosekana karatasi hiyo itakulisha nchi kavu. Anayetaka sitaha, ajue mafundo ya kamba, ajue kupiga rangi chuma chenye kutu namna ipasavyo, aende na boti za uvuvi akazoee bahari. Sikuahidi kuwa muda wa boti hizo utahesabiwa katika ule muda wa kisheria. Mara nyingi hauhesabiwi, na ni lazima uulize KMA kabla, si baada. Lakini bahari yenyewe haiulizi cheti, itakufundisha.

Na Kiingereza, jamani. Melini amri hutolewa kwa Kiingereza, na mkataba wa kimataifa wadai hivyo kwa maafisa. Kijana asomaye ukurasa mmoja wa kitabu cha kazi kila siku baada ya Alfajiri, huyo kwa mwaka amesoma kurasa mia tatu na zaidi. Mwezi huu tumepewa mafunzo ya bure: sote twaamka daku. Kati ya daku na adhana kuna dakika ishirini ambazo wengi wetu twazitumia kwenye simu. Hizo ndizo kurasa zako. Na Idi ikipita, usilale tena hadi saa mbili asubuhi kana kwamba saa ile ilikuwa ya Ramadhan peke yake.

Kuna ndugu wasema, "Mimi gredi zangu za kidato cha nne si nzuri, ukadeti hautanifaa." Nawe sikiliza. Kuna mlango wa mabaharia wa kawaida, wale wa mikono. Kwa miezi 6 ya muda wa baharini mtu aweza kupata cheti cha kusaidia zamu, na akiendelea miezi 18 katika kazi hiyo, ama 12 pamoja na mafunzo yaliyoidhinishwa, hupanda kuwa baharia kamili wa sitaha. Na ile hesabu ya miezi 36 niliyoitaja, ndiyo inayomruhusu mtu kama huyo kuelekea mtihani wa uafisa, akitimiza masomo yanayotakiwa. Njia yake ni ndefu zaidi, lakini haijafungwa.

Nitoke nje ya meli kidogo ili wengine msilale. Dada anayesomea uhasibu wa CPA naye ana kumi lake la kati. Bodi ya kasneb, iliyoanzishwa mwaka 1969, hufanya mitihani yake mara tatu kwa mwaka, na alama ya kupita ni 50. Ukipata 49 umeanguka. Watu wengi huanza ngazi ya kwanza kwa kishindo, kisha huolewa ama huajiriwa, somo moja gumu lawaangusha mara mbili, wanyamaza. Ukimuuliza asema, "Nilisomea CPA." Kumbe yamebaki masomo manne! Masomo aliyofaulu ni yake, hakuna atakayemnyang'anya. Shauri langu kwa dada kama huyo ni kuacha kujisajili masomo matatu kwa pamoja kwa hasira. Chukua moja. Kikao kimoja, somo moja, na mume ama mama akubali mapema kuwa miezi hiyo minne ratiba ya nyumba itabadilika kidogo.

Ndiyo, nawaambia nyinyi wazazi na waume. Kuvumilia si kazi ya kijana peke yake. Kijana anayesubiri nafasi halafu kila jioni akifuturu aulizwa "Enhe, hiyo meli iko wapi?" hatasubiri muda mrefu. Atakubali kazi yoyote, ama atakubali tapeli yeyote, ili swali lile likome. Muulize badala yake, "Wiki hii umefanya nini kuhusu ile safari yako?" Swali hilo laweza kujibiwa. La kwanza halina jibu mkononi mwake.

Kwa wanaopenda mifano ya wakubwa waliopita, mchukueni Ahmad bin Majid, mwongozaji wa vyombo wa karne ya 15, aliyezaliwa Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo. Nijuavyo, watu hapa humkumbuka kwa hadithi kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, jambo ambalo watafiti wengi siku hizi hawalikubali. Basi tuiache hadithi hiyo, tumtazame kwa kazi yake. Baba yake na babu yake walikuwa waongozaji wa vyombo. Mwaka 1462 alimaliza utungo wake mrefu juu ya elimu ya bahari, na kitabu chake mashuhuri zaidi, Kitab al-Fawaid, alikikamilisha mnamo mwaka 1490. Kati ya hivyo viwili kuna miaka 28, na mtu huyo yungali katika fani ileile: nyota, pepo za misimu, pwani, vina vya maji. Miaka 28! Sisi mtu akikaa na jambo moja miaka minne twamwambia amekwama.

Hayo ndiyo niliyokuja nayo. Kulikuwa na maswali mengi, nitayajibu matatu.

*Mama mmoja aliuliza: mwanangu ana vyeti vya msingi miaka miwili sasa na hajapata meli. Tumngoje hadi lini?*

Mama yangu, msimngoje, yeye ndiye aende. Kaeni naye baada ya futari, muweke muda, mathalan miezi kumi na minane. Ndani ya muda huo awe na mambo yanayohesabika: vyeti vilivyo hai, maombi aliyotuma na majibu aliyopata, gredi moja ya ufundi. Muda ukifika, tazameni daftari. Kama mambo hayo yapo na meli haipo, aendelee na ule ufundi kama kazi kamili huku maombi yakiendelea, kwani hajapoteza kitu. Kama daftari ni tupu, basi tatizo si meli. Na tafadhali, msiuze shamba.

*Dada aliuliza kama ubaharia ni kazi ya mwanamke.*

Wapo wanawake maafisa na manahodha duniani, ingawa ni wachache, na tangu mwaka 2022 kuna siku yao ya kimataifa, tarehe 18 Mei. Masharti ya muda wa baharini ni yaleyale kwa wote. Mambo ya safari ya mwanamke na mahram, sitayajibu mimi. Masheikh wapo hapa, muwaulize, na muwaulize kabla ya kulipa karo. Vilevile kwa wale wanaofikiria meli za kitalii ambako vileo huuzwa: ulizeni mapema utawekwa kitengo gani, msiulize mkiwa katikati ya bahari. Nitaongeza tu kuwa shughuli za bahari si melini peke yake. Kuna uwakala wa mizigo, bima, ukaguzi, sheria, na uhasibu wa makampuni hayo, na mengi ya hayo yafanyika ofisini hapahapa mjini.

*Kijana aliuliza: kuna mtu ameniahidi meli Dubai, ataka nimtumie pesa usiku huu kwa M-Pesa, la sivyo nafasi yaenda kwa mwingine. Nifanye nini?*

Nashukuru aliuliza mbele ya watu. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, wakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Baharia aweza kulipia cheti chake cha afya, kitabu chake cha baharia, na pasipoti yake. Basi. Hata viza si juu yake, ni juu ya mwenye meli. Mtu akikuomba "ada ya kukuunganisha", amekwisha kujieleza. Pia wakala wa mabaharia lazima awe na leseni ya KMA, na leseni hiyo waweza kuiulizia ofisini kwao bila malipo.

Kisha omba jina la meli na namba yake ya IMO. Kila meli kubwa ya kimataifa ina namba hiyo, yenye tarakimu saba, na haibadiliki hata meli ikiuzwa na kupewa jina jipya. Namba hiyo ina siri ndogo. Chukua tarakimu sita za kwanza, uzizidishe kwa zamu na 7, 6, 5, 4, 3 na 2, ujumlishe. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ile ya saba. Mfano 9074729: 63, na 0, na 35, na 16, na 21, na 4, jumla 139, mwisho 9. Imelingana. Ikilingana haimaanishi kazi ipo, maanake tapeli aweza kuiba namba ya meli ya kweli, kwa hivyo bado utakwenda KMA. Lakini isipolingana, usipoteze hata nauli.

Kijana yule alikuwa na ule "mkataba" kwenye simu yake. Tuliufungua pale pale, wenzake wakimzunguka. Jina la meli lilikuwepo, na muhuri mwekundu ulikuwepo. Namba ilikuwa na tarakimu sita.